Mpe Mtoto Kioo, Kisha Muulize

Muulize mtoto yeyote wa darasa la tano mwanga husafiri vipi. Atasimama wima, mikono nyuma, na kujibu kwa sauti ya kuimba: "Mwanga husafiri katika mstari mnyoofu, mwalimu." Jibu ni sahihi, na wenzake watampigia makofi. Sasa mpe kioo kidogo cha kujitazamia, kilichofunikwa karatasi yenye tundu la mraba lenye upana wa sentimita mbili. Mwambie asimame uwanjani, aurushe mwanga wa jua hadi ndani ya darasa kupitia dirishani, uangukie ukuta wenye kivuli ulio mita 15 kutoka alipo. Ila kabla hajakiinua kioo, muulize: doa litakaloonekana ukutani litakuwa na umbo gani?

Karibu wote watasema mraba, na wana sababu. Tundu ni la mraba, mwanga hunyooka, basi doa litakuwa mraba. Kioo kinainuliwa, na ukutani linatokea duara, upana wake sentimita 14 hivi, ukingo wake umefifia kidogo. Badilisha tundu liwe la pembetatu: duara lile lile. Weka karatasi mita moja tu mbele ya kioo, na umbo la tundu linarudi. Darasa zima sasa linaongea kwa wakati mmoja, na hakuna anayesubiri kuitwa jina.

Duara lile ni sura ya jua lenyewe. Kila nukta ya uso wa jua inatuma mwanga wake kwa mstari mnyoofu kupitia tundu, na kila nukta inachora mraba wake mdogo ukutani. Karibu na kioo miraba hiyo yote inalaliana, kwa hiyo tunaona mraba. Mbali na kioo inaachana, na kwa kuwa jua ni la mviringo, miraba inajipanga kwa mviringo. Jua lina kipenyo cha kilomita milioni 1.39 hivi na liko kilomita milioni 150 hivi kutoka kwetu, yaani umbali wake ni takriban mara 108 ya upana wake. Ndiyo maana ukuta wa mita 15 unatoa duara la sentimita 14. Mtoto anayejua kugawanya anaweza kulipima doa kwa rula, akaambiwa umbali wa jua, akatafuta mwenyewe ukubwa wa jua. Amefanya hivyo kwa kipande cha kioo na kwa ile ile sentensi aliyokuwa akiikariri.

Kwangu mimi somo lote liko katika lile swali linaloulizwa kabla kioo hakijainuliwa. Mwalimu akiinua kioo bila kuuliza, watoto wataona duara, watafurahi, na saa moja baadaye hawatakuwa na cha kusimulia zaidi ya kwamba waliona mwanga ukutani. Mtoto aliyesema "mraba" mbele ya wenzake ana jambo analolidai. Macho yake yanatafuta kosa: labda kioo kimepinda, labda karatasi imechanika. Huko kutafuta ndiko sayansi, na hakuanzi mpaka mtoto awe ametamka anachokiamini.

Na kuamini anaamini. Hakuna mtoto anayeingia darasani akiwa mtupu kuhusu mwanga, maana ameishi ndani yake tangu kuzaliwa. Mtafiti Edith Guesne aliwahoji watoto wa Ufaransa wenye umri wa miaka 13 na 14, akaona kwamba kwa wengi wao "mwanga" ni taa yenyewe au doa linaloonekana ukutani. Kitu kinachosafiri kati ya viwili hivyo hakikuwa sehemu ya fikra zao. Watoto wengine hudhani kivuli ni kitu kinachotoka mwilini, na kwamba karatasi angavu nyekundu huupaka mwanga rangi yake. Na wapo wengi wanaodhani kwamba tunaona kwa sababu jicho linatuma kitu kwenda kugusa kinachotazamwa. Hili la mwisho halikomi utotoni. Mwaka 2002 Gerald Winer na wenzake nchini Marekani walichapisha makala kuonyesha kwamba hata wanafunzi wengi wa chuo kikuu waliendelea kusema kuna kitu kinachotoka jichoni wakati wa kutazama, na maelezo ya darasani hayakuwabadilisha kwa muda mrefu.

Tusiwacheke. Euclid, msomi wa Kigiriki wa kale, aliamini hivyo, na Ptolemy pia. Aliyeuvunja msingi wa fikra hiyo ni Abu Ali al-Hasan Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040. Katika kitabu chake cha sehemu saba, Kitab al-Manazir, alianza na jambo ambalo kila mmoja wetu analijua: ukitazama mwanga mkali sana, jicho linauma, na ukilifumba bado unaona alama yake. Kama jicho ndilo linalotuma, kwa nini linaumizwa na kinachoingia? Kisha akaingia katika chumba chenye giza, akatoboa tundu, akapanga taa kadhaa nje mbele ya tundu lile. Ndani, kila taa ilikuwa na doa lake ukutani. Alipoifunika taa moja, doa moja likatoweka na mengine yakabaki palepale. Miale yote ilipita katika tundu moja na haikuchanganyikana.

Jaribio hilo lina umri wa miaka elfu moja, na gharama yake leo ni mishumaa mitatu na kipande cha boksi. Funga madirisha kwa kanga au mapazia mazito, panga mishumaa mitatu mezani, simamisha boksi lenye tundu la msumari mbele yake, na nyuma ya boksi weka karatasi nyeupe. Uliza: nikizima mshumaa wa kushoto, doa gani litazimika? Nusu ya darasa itasema la kushoto. Linazimika la kulia. Hapo mpe mtoto uzi, ashike ncha yake moja kwenye mshumaa, aupitishe tunduni, auvute mpaka kwenye karatasi. Uzi ukinyooka, jibu linaonekana, na mtoto ameshaelewa kwa nini picha ndani ya kamera ya tundu huwa imepinduka, kabla hujaitaja kamera.

Kamera yenyewe inafuata kwa urahisi. Kopo la maziwa ya unga, tundu dogo la sindano kwenye kitako, na mdomoni karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta ya kula mpaka ikawa nusu angavu. Mtoto ajifunike kitenge kichwani pamoja na kopo, aelekeze tundu nje, kwenye mti au barabara yenye jua, na kamwe asilielekeze jicho lake kwenye jua. Ataona bodaboda ikipita miguu juu, kwa rangi zake zote, ikienda upande usio wake. Nimewahi kuona watoto wakigombea kopo la namna hii kwa ukali kuliko wanavyogombea simu.

Mambo haya si mageni katika nchi zetu. Katika miaka ya 1960, Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine kadhaa za Afrika zilishiriki katika mpango ulioitwa African Primary Science Program, uliosaidiwa na taasisi ya Marekani ya Education Development Center. Masomo yake yalijengwa juu ya maji ya dimbwi, mchanga, wadudu, mbegu, betri na balbu. Baadaye Eleanor Duckworth, aliyekuwa amesoma kwa mwanasaikolojia Jean Piaget mjini Geneva, alifanya tathmini ya mpango huo nchini Kenya. Angeweza kuwapa watoto mtihani wa kuchagua jibu. Yeye aliwawekea vifaa mbele yao na kuwaachia wafanye watakalo, kisha akaandika walichokifanya. Watoto waliopitia mpango ule walibuni mambo mengi zaidi na ya aina nyingi zaidi ya kufanya na vifaa vile kuliko wenzao ambao hawakuupitia. Naikumbusha habari hii kwa sababu nimechoka kusikia kwamba kujifunza kwa vitendo ni fasheni mpya kutoka nje inayosubiri maabara zijengwe. Walimu wa Afrika Mashariki walikuwa wakiifanya kazi hii zaidi ya nusu karne iliyopita, kwa vitu vilivyookotwa uwanjani.

Na kwa upande wa mwanga, uwanja wetu ni bora kuliko maabara nyingi duniani. Sisi tunaoishi kwenye ikweta na kusini yake kidogo tuna kitu ambacho mtoto wa London hatakiona maisha yake yote akiwa kwao: jua la utosini. Chomeka fimbo ya mita moja ardhini, uhakikishe imesimama wima kwa kutumia uzi wenye jiwe. Waulize watoto: kivuli kifupi kabisa kitaonekana saa ngapi? Watasema saa sita kamili. Watie alama ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, kwa vijiti au vifuniko vya soda. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi, watakuta kivuli kinafikia ufupi wake wa mwisho baada ya saa sita na nusu, na kwa siku chache za mwezi huo kinatoweka kabisa chini ya fimbo. Kitatoweka tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Nairobi, iliyo karibu zaidi na ikweta, siku hizo huangukia katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Mwanza, iliyo magharibi zaidi, adhuhuri ya jua huchelewa zaidi kuliko ya Dar es Salaam, ingawa saa za ukutani zinasema jambo moja katika miji yote miwili.

Mtoto wa mwambao ana mlango mwingine wa kuingilia somo hili. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, wakati wa Alasiri huingia pale urefu wa kivuli unapokuwa sawa na urefu wa kitu chenyewe, ukijumlisha na kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Babu zake waliijua saa kwa kivuli kabla ya saa za mkononi kufika. Mwalimu anayewaomba watoto wakaulize nyumbani jinsi wazee walivyokuwa wakipima Alasiri atapata darasa lililojaa mikono juu kesho yake, na fimbo ile uwanjani itakuwa mali yao.

Kuna jaribio moja la fimbo ambalo ningependa kuliona likifanywa kati ya shule mbili. Mwanza na Mbeya ziko karibu kabisa katika mstari mmoja wa kaskazini hadi kusini, kilomita 710 hivi kwa mstari mnyoofu. Walimu wawili wenye simu wanatosha. Tarehe 21 Juni, kila shule ipime kivuli kifupi kabisa cha fimbo ya mita moja. Uliza kabla: vivuli vitalingana? Jua ni moja, siku ni moja, fimbo ni sawa. Mwanza watapata sentimita 49 hivi, Mbeya watapata 63 hivi, na vyote vitaelekea kusini. Tofauti ya sentimita 14 haiwezi kufichika hata kwa mtoto mwenye rula mbovu.

Miale ya jua hutufikia ikiwa sambamba, kwa kuwa jua liko mbali mno. Vivuli vikitofautiana, basi ni ardhi iliyopinda kati ya fimbo na fimbo. Mtoto achore fimbo na kivuli kwa kipimo karatasini, apime pembe kwa protrakta: Mwanza nyuzi 26 hivi, Mbeya nyuzi 32 na kidogo. Ukipima kwa uangalifu tofauti ni nyuzi 6.4. Duara zima lina nyuzi 360. Gawanya, uzidishe kwa kilomita 710, na unapata kama kilomita 40,000, ambao ndio mzingo wa dunia. Eratosthenes alifanya hesabu ya namna hii Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo, kwa kulinganisha Aleksandria na Aswan. Tofauti ni kwamba watoto wetu watakuwa wameongea kwa simu na wenzao waliokuwa upande wa pili wa mstari, na kila upande utakuwa umekaa juani ukisubiri kivuli kigeuke. Wakikosea kwa kilomita 3,000 haidhuru kitu. Watakuwa wameipima dunia.

Shule nyingi zina kifaa kingine juu ya vichwa vya watoto: tundu la msumari kwenye bati. Kila mtu amewahi kuona mshale wa mwanga ukishuka humo huku vumbi likielea ndani yake. Vumbi hilo ni somo lenyewe. Mwanga haujionyeshi kwa ubavu, tunauona pale tu unapogonga kitu na kuingia jichoni, kwa hiyo pasipo vumbi pasingekuwa na mshale. Choma ubani kidogo darasani na mshale unakolea. Fungua milango moshi utoke, unafifia, ilhali doa sakafuni halijabadilika. Kisha chukua chaki, uzungushie doa lile mstari. Kama paa liko mita tatu juu na jua liko karibu na utosi, doa litatembea zaidi ya sentimita moja kila dakika. Baada ya dakika tano limeshatoka nje kabisa ya mstari wa chaki. Ni dunia inayozunguka, na watoto wanaiona ikizunguka sakafuni kwao.

Maji nayo yana yake. Weka sarafu ndani ya bakuli lisilo angavu, mtoto arudi nyuma mpaka sarafu ijifiche nyuma ya ukingo, asimame hapohapo bila kusogea. Mwenzake amimine maji taratibu, na sarafu inaibuka. Ptolemy alilieleza jaribio hili karibu miaka 1,900 iliyopita. Mvuvi anayechoma samaki kwa mkuki kwenye maji ya kina kifupi anaijua siri yake kwa mkono: lenga chini ya pale unapomwona. Mwanga unapotoka majini kuingia hewani hupinda, na jicho, ambalo limezoea mwanga ulionyooka, linamweka samaki mahali ambapo hayupo.

Lakini la kupendeza kuliko yote, kwa watoto niliowaona, ni la chupa. Chukua chupa ya plastiki angavu ya lita moja na nusu, toboa tundu safi ubavuni karibu na kitako, ijaze maji huku umeziba tundu kwa kidole. Giza liwepo. Mwanafunzi mmoja amulike tochi kutoka upande wa pili wa chupa, ikielekea tunduni. Achia kidole. Maji yanaruka na kupinda kuelekea chini, na mwanga unapinda pamoja nayo. Mtoto akikinga kiganja pale maji yanapoangukia, kiganja kinang'aa. Waliambiwa mwanga hunyooka. Huu mbona umepinda? Waache wabishane. Kumbe ndani ya maji unaenda kwa mistari mifupi minyoofu, unagonga ukuta wa maji kwa pembe ya kuinama mno kiasi kwamba hauwezi kutoka, unarudishwa ndani, unagonga upande mwingine, hivyo hivyo mpaka kiganjani. Mwanafizikia Daniel Colladon alilionyesha jambo hili Geneva mwanzoni mwa miaka ya 1840, na John Tyndall akalionyesha London mwaka 1854. Nyaya za kioo zilizo ndani ya kebo ya SEACOM, iliyofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, zinabeba mawasiliano chini ya bahari kwa kanuni hiyo hiyo. Mtoto anayelowa mikono kwa mwanga wa tochi ameshika jambo lile lile linaloiendesha intaneti ya baba yake.

Kuhusu rangi ningeweza kuandika makala nyingine nzima. Hapa nitaje beseni la maji lenye kioo kilichoegemezwa ndani yake, asubuhi jua likiwa bado chini: mwanga unaingia majini, unarudishwa na kioo, unatoka ukiwa umegawanyika, na ukutani unatokea ukanda wa rangi kuanzia nyekundu hadi urujuani. Isaac Newton, katika barua aliyoituma mwaka 1672 kwa Royal Society ya London, alieleza jinsi alivyochukua rangi moja tu kutoka kwenye ukanda wa namna hiyo na kuipitisha kwenye mche wa pili wa kioo. Haikubadilika. Hilo lilionyesha kwamba kioo hakiongezi rangi. Rangi zilikuwamo tangu mwanzo katika mwanga mweupe. Na ukitaka kuona safari ya kinyume, weka tone dogo sana la maji juu ya kioo cha simu chenye picha nyeupe. Tone linakuza, na ndani yake hakuna cheupe: kuna vidoa vyekundu, vya kijani na vya bluu.

Upinde wa mvua unahitaji subira, lakini swali lake halihitaji mvua. Umewahi kuuona saa sita mchana? Watoto watasema ndiyo kwa haraka, kisha watafikiri. Upinde huchorwa kwa pembe ya nyuzi 42 hivi kuuzunguka upande ulio mkabala na jua, kwa hiyo jua likipanda zaidi ya nyuzi 42 angani, upinde wote unakuwa chini ya upeo wa macho. Kwetu, saa sita jua liko juu mno siku zote za mwaka. Upinde ni wa asubuhi na wa jioni, nao daima uko mbele yako jua likiwa mgongoni. Siku ya mvua na jua, ambayo wengine husema simba anazaa na wengine fisi, mtoto anayejua haya anajua ageukie wapi. Kamal al-Din al-Farisi, msomi wa Uajemi aliyefariki karibu na mwaka 1319 na ambaye aliandika ufafanuzi wa kitabu cha Ibn al-Haytham, aliutafuta upinde ndani ya chumba kwa kutumia tufe la kioo lililojaa maji, akilichukulia kuwa tone moja kubwa la mvua. Glasi ya mviringo iliyojaa maji, mbele ya karatasi nyeupe iliyotobolewa tundu la kupitishia jua, inatosha kufuata nyayo zake.

Kwa watoto wakubwa kidogo, wabane penseli mbili zikaribie kugusana na watazame tochi ya mbali kupitia ufa ule mwembamba. Wataona mistari myeusi mahali ambapo hakuna kitu cheusi. Hapo ndipo Thomas Young alipowafikisha wanasayansi mwanzoni mwa karne ya 19, kwamba mwanga una tabia ya mawimbi, na ndipo Albert Einstein alipowarudisha tena kufikiri mwaka 1905, aliposema kwamba mwanga pia hufika kwa vifurushi. Mtoto wa miaka 12 hahitaji kulimaliza jambo hilo. Inatosha aone mistari ile na kujua kwamba watu wazima nao imewashangaza.

Jua litatuletea mwalimu mwingine hivi karibuni. Tarehe 1 Septemba 2016, mwezi ulipopita mbele ya jua, watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, wakaliona jua likibaki pete. Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa lote katika ukanda utakaopita kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika, Luxor nchini Misri ambako giza litadumu zaidi ya dakika sita, Jeddah na Makka, Yemen, na ncha ya kaskazini ya Somalia. Kenya, Tanzania na Oman tutaona sehemu tu ikiliwa. Sehemu hiyo inatosha kabisa kwa somo la tundu. Chujio la jikoni likishikwa juu ya karatasi nyeupe litachora hilali kwa kila tundu lake. Miwani maalumu ya kupatwa kwa jua ndiyo pekee ya kutazamia jua lenyewe. Picha za eksirei, miwani ya jua ya kawaida na vioo vilivyotiwa masizi huacha jua liunguze macho bila maumivu ya kumwonya mtoto. Onyo hili lirudiwe katika kila jaribio la jua, si siku ya kupatwa peke yake. Na lipo jingine: katika madarasa yetu kuna watoto wenye ualbino, ambao macho yao huumizwa na mwanga mkali na ngozi zao huungua haraka. Wapewe kazi za kivulini na za chumba cha giza, wawe wapimaji na waandishi wa matokeo, na kofia iwe kitu cha kawaida kwa darasa zima.

Walimu wataniambia: watoto 80, vipindi vya dakika 40, mtihani wa taifa. Wana haki. Lakini jua ni taa moja inayomulika watoto 80 kwa mkupuo, na uwanja una nafasi ya vikundi kumi vya wanane, kila kimoja na fimbo yake. Kazi ngumu zaidi ni kwa mwalimu mwenyewe, kujizuia asitoe jibu kwa dakika kumi huku akilijua. Tanzania ina nafasi ya pekee hapa, kwa kuwa katika shule nyingi za msingi mtoto anabishana kuhusu sayansi kwa Kiswahili, lugha anayoitumia kubishania mpira. Ile miaka ya shule ya msingi kabla hajahamia Kiingereza ndiyo ya kumzoesha kusema "mimi nadhani litakuwa mraba, kwa sababu..." bila woga wa sarufi.

Kuhusu mtihani, naamini wanaotunga maswali wanaweza kusaidia kuliko semina yoyote. Badala ya kuuliza mwanga husafiri vipi, wampe mtoto picha ya mlingoti wa bendera wa shule iliyo Mbeya na kumwambia achore kivuli chake cha adhuhuri mara mbili, mwezi Juni na mwezi Desemba, kisha aeleze kwa nini vimeelekea pande tofauti. Swali kama hilo likitoka mwaka mmoja tu, mwaka unaofuata kila uwanja wa shule utakuwa na fimbo.